Mkwe Juu ya Paa Letu

Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kwa miaka yote niliyomjua alikula chakula cha jioni akiwa ameitegea redio sikio. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ikikaa juu ya kabati sebuleni kama mgeni wa heshima. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Mama alikuwa amejifunza kutafuna karanga bila sauti, jambo ambalo nimejaribu mara nyingi nikashindwa.

Halafu, katikati ya miaka ya themanini, baba alisafiri kwenda Nairobi kumwona rafiki yake aliyekuwa mgonjwa. Alikaa siku tatu. Aliporudi alivua koti, akaketi, akaitazama redio yetu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama suruali iliyombana.

"Rafiki yako amepona?" mama akamuuliza.

"Nani?"

"Huyo uliyeenda kumwona."

"Aa, huyo. Nadhani yuko sawa. Ana televisheni."

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Baba alisema amesikia sauti za wasomaji wa habari kwa miaka ishirini, amekula nao, amezeeka nao, na hajui hata mmoja ana pua ya namna gani. Hilo, alisema, si jambo la mtu aliyesoma. Nyumba yetu ingehama kutoka redioni hadi kwenye televisheni, na ingehama mwaka huo huo.

Televisheni ilikuja kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, na betri ya gari ikaja kando yake kwenye debe, kwa sababu stima ilikuwa haijafika kwetu. Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe. Baba aliipakata kutoka kituo cha basi cha Kikima hadi nyumbani, akakataa kabisa kusaidiwa, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa, "Salama, lakini siwezi kukupa mkono."

Shida ilikuwa mahali tulipoishi. Boma letu lilikuwa chini kidogo ya Kikima, upande ule wa milima ya Mbooni ulioipa Nairobi mgongo. Fundi wa sokoni, ambaye pia alitengeneza saa na baiskeli, alikuja akasimamisha mlingoti wa mkaratusi kando ya nyumba, akafunga antena juu yake, akaunganisha nyaya, akawasha. Tuliona chenga tupu zikirukaruka, kama mtu anayepepeta wimbi ndani ya kioo. Fundi alizungusha mlingoti mpaka ardhi ikalegea. Mwishowe akafuta mikono.

"Mwalimu, televisheni yako ni nzima. Kilicho na shida ni mlima."

"Na mlima unatengenezwa vipi?" baba akauliza. Aliuliza kwa dhati. Fundi alichukua koleo lake akaenda zake.

Ndipo baba alipomkumbuka mume wa dada yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na fundi wa redio aliyekuwa na kibanda Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Kule alitengeneza redio za wachuuzi wa mifugo na wenye maduka, na alisifiwa sana. Alipopata barua ya baba alijibu kwa haraka kwamba atakuja, na kwamba baba asiwe na wasiwasi wowote, kwa maana televisheni si kitu, ni redio tu iliyotiwa macho.

Baba alisoma barua ile kwa sauti wakati wa chakula. Mama aliacha kutafuna.

"Nau wa watoto," alisema, akimwita kwa Kikamba baba wa watoto wake, "na mimi nitakuwa wapi?"

Lazima nieleze hapa. Kwa Wakamba wa umri wa mama, kati ya mama mkwe na mume wa binti yake kuna nthoni. Hawasemezani ana kwa ana, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hujitosa shambani hadi mwingine apite. Haikuwa chuki hata kidogo. Ni heshima iliyokolezwa mpaka ikafanana na woga. Dada yangu alikuwa na miaka sita katika ndoa, na mama alimjua mkwe wake kwa viatu na kikohozi tu. Mchungaji wetu alihubiri mara kwa mara kwamba mila kama hizo zimepitwa na wakati. Mama alimwitikia amina kwa sauti kubwa kuliko akina mama wote, kisha akarudi nyumbani akaendelea na nthoni yake.

"Utakaa jikoni," baba akasema.

"Siku nzima?"

"Nitapanga ratiba."

Na kweli alipanga, maana mwalimu mkuu hastaafu rohoni. Alitafuta filimbi yake ya zamani ya shule, akatuita, akatueleza. Filimbi moja maana yake mkwe anatembea, kwa hivyo mama asitoke. Filimbi mbili maana yake mama anatembea, kwa hivyo mkwe ageuke atazame mlima. Filimbi tatu ni hatari, kila mtu asimame alipo. Nilikuwa kidato cha pili, nimefunga shule likizo ya Agosti, na nilipewa kazi ya kupeleka maneno kati ya jikoni, sebule na paa.

Mkwe alifika Jumamosi saa saba mchana. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, na alivaa shati la mikono mifupi. Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu Agosti kule Mbooni ukungu hukaa mpaka mchana na watu huvaa kila walicho nacho. Lakini yeye alitoka Tseikuru, ambako jua haliendi likizo, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali Kenya pa kuhitaji sweta.

"Shemeji, hapa kuna nini?" akaniuliza huku meno yakigongana. "Mvua inanyesha bila kuanguka?"

Baba akapuliza filimbi moja. Mlango wa jikoni ukafungwa kwa kishindo. Mkwe akaruka.

Alikula, akakagua televisheni, akaipiga kofi mgongoni kama ng'ombe anayenunuliwa, akasema iko vizuri sana. Kisha akatangaza kwamba mlingoti haufai. Antena ikae juu ya paa, na yeye mwenyewe atapanda aielekeze. Siku hizo matangazo yalianza jioni, kuelekea saa kumi na moja, kwa hivyo alingoja. Saa ilipofika aliegemeza ngazi ukutani, kando kabisa ya mlango wa sebule, akapanda na antena mgongoni.

Hapo ndipo tulipogundua kosa la kwanza katika ratiba ya baba. Mtu aliye juu ya paa anaona boma lote. Anaona choo, kisima, zizi, shamba la mahindi na njia zote za kutoka jikoni. Mama alikuwa mfungwa kamili. Nilipompelekea habari hiyo alikuwa ameketi juu ya kibao, amejifunika leso mbili.

"Atakaa huko juu mpaka lini?"

"Mpaka picha ije, Mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Na mimi nilikuwa nataka kwenda..." Hakumaliza, lakini alitazama upande wa choo, nikaelewa.

Kosa la pili lilikuwa baba. Yeye ndiye aliyeketi mbele ya televisheni kutoa taarifa, na alikuwa na hamu kubwa mno. Kila chenga zilipobadilika kidogo alipiga kelele, "Imekuja! Naona watu!" Mkwe akashangilia juu, akaanza kufunga waya. Mimi nikachungulia, nikaona chenga.

"Nau, hakuna watu."

"Wapo! Tazama pale pembeni, yule amevaa kofia."

"Shemeji, bado!" nikapaza sauti nje. Mkwe akafungua waya, akaanza tena. Hivyo tuliendelea nusu saa. Baba alimwona mtu wa kofia mara nne, ng'ombe mara moja, na mara moja alisema ameona bahari.

Mama alisikia yote hayo kupitia ukuta. Alikuwa mwanamke aliyependa kazi imalizwe, na kadiri mambo yalivyoharibika ndivyo alivyozidi kusimama na kuketi, kusimama na kuketi. Nyuma ya jikoni kulikuwa na kichochoro chini ya ukingo wa mabati, kilichofika mlango wa nyuma wa nyumba. Mtu aliyeinama, akibanana na ukuta, hakuweza kuonekana kutoka juu. Mama hakuwa mdogo wa umbo, lakini aliinama. Nilimwona akiingia sebuleni kwa mlango wa nyuma, leso kichwani, anapumua kwa nguvu. Baba alinyoosha mkono kwenye filimbi. Mama akamtazama. Mkono ukarudi mfukoni.

Akasimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni.

"Hiyo unayoiita picha ni takataka," akamwambia baba kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia mimi mlangoni. "Mwambie asogeze upande wa kanisa. Lakini usiseme ni mimi."

"Niseme ni nani?"

Alifikiri. "Sema ni picha."

Nikatoka nje nikainua kichwa. "Shemeji, picha inasema usogeze upande wa kanisa."

"Picha inasema?"

"Ndiyo."

Alinitazama, lakini alisogeza. Chenga zikapungua. Nyuma ya chenga hizo kikatokea kitu kama kivuli cha mtu, safari hii mtu wa kweli, hata kama hakuwa na miguu.

"Mwambie kidogo tena. Kidogo, si kama mtu anayelima."

"Shemeji, picha inasema kidogo, si kama mtu anayelima."

"Hiyo picha ina maneno mengi," akasema, na akasogeza.

Sauti ikaanza kusikika. Ilikuwa kwaya. Mama alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kanisani kwetu kwa miaka mingi, na aliposikia kwaya alisahau alipokuwa. Alisogea karibu na kioo. Picha ikaja, ikapotea, ikaja. Nilikimbia kati ya mlango na uwanja nikipeleka maneno: kushoto, rudi, inua, shusha, umepitiliza. Lakini miguu yangu haikuwa na kasi ya kutosha. Nilipofika nje na "rudi", yeye alikuwa amekwisha kurudi, kwa hivyo alirudi tena, na kwaya ikayeyuka. Mama akapiga paja. Nikaenda, nikarudi. Kisha, kwa ghafla, picha ikatulia. Safu tatu za akina mama wenye kanzu nyeupe, midomo wazi, wazi kabisa, unaweza kuhesabu meno.

Na mkwe, asiyejua, akaendelea kusogeza.

"HAPO HAPO!" mama akanguruma. "WACHA! Usiguse kitu tena!"

Ile sauti ilitoka mlangoni, ikapanda mabati, na nadhani ilifika Kikima sokoni.

"Ndiyo, mama!" mkwe akajibu juu.

Kisha kimya. Hata kwaya ilinyamaza, nadhani kwa bahati tu, wimbo ulikuwa umekwisha. Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya mtu aliyemwaga maziwa ya jirani. Juu ya paa hakuna bati lililolia. Baba, akiwa hana jambo jingine la kufanya, alipuliza filimbi mara tatu.

Kila mtu akasimama alipo.

Shida ni kwamba sasa hakuna aliyeweza kuondoka. Ngazi ilikuwa kando ya mlango wa sebule, na ndani ya sebule alikuwamo mama. Mkwe akishuka atamwangukia mbele. Mama akitoka ataonekana. Na kuhusu kurudi kwa kichochoro, alisema magoti hayataki tena. Na zaidi ya yote, tuligundua kwamba mkwe akiachia antena, picha inapotea. Akiishika, inarudi. Haikujali waya wala mlima. Ilimtaka yeye mwenyewe.

"Basi aishike," baba akasema. "Habari ni saa moja."

"Nau! Hata saa kumi na mbili haijafika," nikasema.

"Ni kijana."

Majirani walikuwa wamesikia ile sauti wakafikiri kuna msiba. Walikuja mbio, wakakuta kwaya, wakaketi. Sebule ikajaa. Wengine walisimama dirishani. Wote walimsifu baba kwa picha nzuri, na hakuna aliyeuliza kwa nini kuna mwanamume juu ya paa amekumbatia antena huku ukungu ukimfunika hadi kiunoni.

Mama ndiye aliyeanza kumhurumia. Alininong'oneza, "Hana hata sweta." Akaingia chumbani, akatoa koti kubwa la baba la mvua, akasema nilipeleke. Nilipanda ngazi. Mkwe alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

"Shemeji," akasema, "yule aliyeongea alikuwa nani?"

"Picha."

"Picha ilisema hapo hapo?"

"Ndiyo."

Alifikiri huku akitetemeka. "Na mimi nikaiita mama."

Baada ya koti mama akasema apelekewe chai. Tukafunga chupa ya chai na chapati nne kwenye ndoo, mkwe akaivuta kwa kamba ya mbuzi kwa mkono mmoja, mwingine ukibaki kwenye antena. Kila alipoinua kikombe mwili wake ulipinda, na ndani kwaya ikapinda pia. Majirani wakalalamika. "Mwambieni anywe wima!" mmoja akasema.

Ni chai iliyomwokoa, naamini, kwa maana ilimrudishia akili. Aliniita. "Kama antena inataka mwili, si lazima uwe wangu. Nileteeni kifuniko cha sufuria. Kikubwa, cha aluminiamu."

Sufuria kubwa ya nyumba ile ilikuwa moja. Mama alipewa na kina mama wa kanisa, na alikuwa akiifungia kabatini. Nilipomwambia alitazama dari kwa muda. Kisha akachukua ufunguo.

Kifuniko kilipofungwa kwenye antena, picha ilitulia kuliko mwanzo. Jua lilikuwa limeanza kuzama, na mama alijifunika leso kichwa hadi kifua, akatoka kinyumenyume mpaka jikoni, huku mkwe akishuka ngazi na koti la baba amelivuta usoni. Walipitana hatua mbili, hakuna aliyeona kitu, na wote wawili waligonga kuku.

Asubuhi iliyofuata, baada ya ibada, shangazi yangu mkubwa aliitwa. Alikuwa dada wa baba, mzee kuliko sisi sote, na mambo ya nthoni yaliamuliwa naye. Katika ukoo wetu aliyevunja nthoni alitoa mbuzi, mbuzi akachinjwa, wote wawili wakala, mambo yakaisha. Kilichokuwa kigumu ni kujua nani alivunja.

Shangazi aliketi mlangoni, mama akiwa chumbani na mkwe nje, ili awasikie wote.

"Nani alianza kuongea?"

"Ni picha," mama akasema kupitia pazia.

"Picha inajua kulima?" shangazi akauliza, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia kila kitu.

Mama akalivuta pazia lifunge vizuri zaidi.

"Na wewe uliye nje, ulijibu nini?"

"Nilisema ndiyo, mama," mkwe akasema kwa unyonge. "Lakini nilikuwa nimeshtuka. Nilikaribia kuanguka."

"Ungeanguka ungeangukia wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Mbele ya mama mkwe wako?"

"Ndiyo."

"Hiyo ingekuwa mbuzi wawili," shangazi akasema, na akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia baba, ambaye alikuwa akitabasamu kama mtazamaji. "Huyu alikuwa Tseikuru anatengeneza redio zake. Huyu alikuwa jikoni kwake. Nani aliwaleta karibu?"

Tabasamu la baba likaanza kuondoka.

"Lete mbuzi," shangazi akasema.

Baba alibisha kwa mambo ya haki, kwa mambo ya kanisa, hata kwa mambo ya Serikali. Shangazi alingoja amalize. Mbuzi aliletwa, beberu mwenye doa jeusi ambaye baba alikuwa akimpenda sana, na mama akampakulia mkwe nyama kwa mkono wake mwenyewe, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe una masikio makubwa," mama akasema.

"Ndiyo, mama," mkwe akajibu, na kicheko kilichotoka pale nadhani ndicho kilichomaliza nthoni, si mbuzi.

Baba alikuwa amewaona wasomaji wake wa habari jioni ile ile ya Jumamosi, baada ya kifuniko kufungwa. Yule aliyempenda kuliko wote, mwenye sauti nzito, alikuwa mtu mdogo mwenye mabega membamba. Baba aliketi amekunja mikono. "Huyo si yeye," akasema. "Wameweka mtu mwingine." Baada ya wiki mbili aliihamishia redio yake chumbani, akawa anasikiliza habari huko peke yake, macho amefumba, na televisheni ikawa ya mama.

Naye mama, mwimbaji wa sauti ya pili, mama wa kanisa, hakupenda kwaya sana kama tulivyotarajia. Alipenda mieleka. Siku ya mieleka alikaa kwenye ukingo wa kiti na leso amejifunga kiunoni, akiwapigia kelele wanaume wanene waliovaa chupi za kung'aa. Mkwe alianza kuja kila mwezi, safari ya basi ya siku nzima kutoka Tseikuru, akisema anakuja kukagua antena. Alikuja na sweta. Alimshabikia mpiganaji mmoja mwenye ndevu ambaye mama alimchukia kwa moyo wote, na waliketi pande mbili za sebule wakitupiana maneno.

"Wako anauma!" mama alisema. "Nimeona! Ameuma!"

"Hakuuma, mama, amebusu."

"Nyamaza, kula chapati."

Mwaka wa pili dada yangu alimwandikia mama barua. Aliuliza kwa upole kama kweli antena yetu inaharibika kila mwezi, na kama inawezekana ile nthoni irudishwe hata kwa miezi michache, kwa maana paa la kwao Tseikuru linavuja na hana wa kulipanda.